Sura ya Saba: Shingo na Mabega ya Somanda

Mgonjwa wa shingo huingia chumba cha fiziotherapia akiwa ameshika bahasha ya eksirei, na kabla hajaketi ameshaitaja hukumu yake: "Daktari, nimeambiwa pingili zimesagika." Akishaambiwa hivyo, maisha hubadilika. Anaacha kugeuza shingo, anageuza kiwiliwili kizima. Anaacha jembe. Analala chali usiku kucha kwa kuogopa kwamba akijipindua kitu kitakatika. Miezi inapita, misuli iliyoachwa bila kazi inasinyaa, na maumivu yaliyokuwa upande mmoja yanahamia mabega yote mawili, yanapanda kisogoni na kuleta kichwa kuuma.

Hukumu hiyo inastahili kuchunguzwa kabla ya tiba yoyote. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Hiroaki Nakashima walichapisha picha za MRI za shingo za watu 1,211 waliokuwa wazima, wasio na maumivu wala ganzi. Asilimia 87.6 kati yao walikuwa na diski zilizotokeza nje ya mahali pake. Hata vijana wa miaka ishirini na kitu, zaidi ya saba katika kila kumi walionekana hivyo. Ukimpiga picha mama wa miaka hamsini wa Bariadi, utaona pingili zilizochakaa kidogo, na utaziona vilevile kwa jirani yake ambaye hajawahi kulalamika shingo. Picha inaonyesha umri. Kuhusu maumivu ya misuli, mara nyingi haisemi chochote, na mtaalamu anayeitumia kumtisha mgonjwa anampa ugonjwa wa pili juu ya ule aliokuja nao.

Sura hii inazungumzia maumivu ya misuli ya shingo na mabega yaliyozidi miezi mitatu, kipimo ambacho tiba hukitumia kuyaita sugu. Nimeichagua Somanda, kata ya mji wa Bariadi inayofahamika kwa hospitali yake, kwa sababu vitabu vingi vya maumivu ya shingo vimeandikiwa watu wa ofisini. Vinaanza na kompyuta na kuishia na kiti chenye magurudumu. Mkoa wa Simiyu, ulimo mji huo, ulizaliwa mwaka 2012, ukikatwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497. Wengi wao ni wakulima na wafugaji. Shingo zao zinauma kwa sababu ambazo vitabu hivyo havizifahamu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano. Kikikaa sawa juu ya mabega, misuli inakishikilia bila taabu. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kukivuta kisianguke, na inakivuta muda wote kilipoinama. Msuli mkubwa kuliko yote hapo ni trapezia, unaoanzia kisogoni, ukatanda hadi ncha za mabega, ukashuka mpaka katikati ya mgongo. Chini yake upo msuli mwembamba unaounganisha pingili za juu za shingo na kona ya kombe la bega. Huo ndio mtu anaougusa kwa kidole akisema "hapa, hapa ndipo penyewe." Mbele ya shingo, zikiwa zimejificha nyuma ya koo, zipo nyuzi fupi zinazotikisa kidevu kwa ishara ya kukubali. Kwa wagonjwa wengi wa maumivu sugu hizi za mbele zimelegea, na zile za nyuma zinafanya kazi ya zote.

Sasa tazama mwaka wa kazi ulivyo. Pamba hupandwa Novemba na Desemba, na palizi hufuata mara moja: mgongo umeinama, macho yako ardhini, mabega yanapandisha na kushusha jembe tangu alfajiri. Kisha inakuja pampu ya dawa ya mgongoni, lita 15 au 16, mikanda imebana pale pale trapezia inapopita, mkono mmoja ukipiga mtwangio na mwingine ukishika bomba. Kuanzia Mei ni kuchuma, vidole vikichambua nyuzi na shingo ikiwa imeinamia kikonyo. Katikati ya yote hayo kuna kutwanga, kuchota maji, kubeba kuni na kubeba mtoto. Mjini, fundi cherehani anakaa na kichwa chake juu ya sindano kwa muda wa saa nane hadi kumi kila siku, na msimu wa sikukuu unamkuta na nguo za shule ambazo hazijaisha. Mwalimu anasahihisha madaftari ya darasa la wanafunzi themanini akiwa ameegemea meza fupi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeumia kwa ajali. Walichonacho ni kazi ileile, katika mkao uleule, bila mapumziko ya kutosha kwa misuli kujirudisha.

Maumivu yakidumu, kitu kingine kinatokea ambacho si cha misuli pekee. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya maumivu kwenye ubongo inazidi kuwa nyepesi kushtuka. Mguso uliokuwa wa kawaida unauma, baridi ya asubuhi inauma, wasiwasi wa ada ya shule unauma begani. Usiku wa kulala kwa muda wa saa tatu tu unayaongeza maumivu ya kesho yake. Mgonjwa akieleza hayo asionekane mwongo. Maumivu yake ni ya kweli, ila kiwango chake hakilingani tena na jeraha lolote lililopo kwenye nyama. Kuelewa jambo hili tu kunawapunguzia watu hofu, na hofu ikipungua, shingo inaanza kugeuka.

Niseme sasa kuhusu mzigo wa kichwani, maana hapa elimu imekwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya na watafiti akiwemo mwanasayansi Mkenya G. M. O. Maloiy, juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni. Walipimwa pumzi wakitembea na mzigo, na ikaonekana kwamba waliweza kubeba asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Dunia ilistaajabu, na sifa hiyo walistahili. Lakini kilichopimwa ni pumzi. Shingo haikupimwa.

Ilipokuja kupimwa, habari ikawa nyingine. Mwaka 2002 Echarri na Forriol walichapisha uchunguzi wa wabeba kuni wa Kongo, wakilinganisha picha za shingo zao na za watu wasiobeba, na uchakavu ulikuwa mwingi zaidi kwa wabebaji. Mwaka 2010 Jo-Anne Geere, mtaalamu wa fiziotherapia wa Uingereza, na wenzake walitoa matokeo ya vijiji sita vya Limpopo, Afrika Kusini. Wabebaji walikuwa zaidi wanawake na watoto, chombo kilikuwa na wastani wa kilo 19.5, na umbali wa wastani ulikuwa mita 337. Asilimia 69 ya waliohojiwa walisema wana maumivu ya shingo au mgongo.

Idadi ya waliohojiwa ilikuwa ndogo, wala matokeo hayo hayathibitishi kwamba maji peke yake ndiyo yaliyowaumiza. Lakini ziweke zile mita 337 kando ya Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ya Tanzania, iliyolenga kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400. Kijiji kilichofika lengo hilo kinahesabiwa kuwa kimehudumiwa, na kwa afya ya tumbo kweli kimehudumiwa. Kwa shingo ya mama anayekwenda mara nne au tano kwa siku, bomba lililo mita 400 bado ni kilo zaidi ya ishirini juu ya kichwa, kwa sababu ndoo ya lita 20 ina uzito wake pia. Mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria kwenye wilaya za Busega, Bariadi na Itilima, unaosaidiwa na Mfuko wa Kijani wa Hali ya Hewa, huelezwa kwa lugha ya ukame na kilimo. Mimi ningependa wahandisi wake wajue kwamba kila bomba linaloingia uani mwa mtu ni tiba ya mabega.

Kabla ya kuzungumzia tiba yenyewe, kuna maumivu ya shingo yasiyofaa kuguswa na mtu wa mazoezi wala wa kukanda. Shingo ngumu yenye homa kali na kichwa kinachopasua inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina thamani. Maumivu yanayozidi usiku pamoja na kukonda, kikohozi au jasho la usiku yapimwe kifua kikuu, ambacho hushambulia pingili pia. Mfugaji mwenye homa za kuja na kuondoka na viungo vinavyouma, hasa anayekunywa maziwa mabichi, apimwe brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Aliyeanguka na bodaboda asinyooshwe shingo na yeyote mpaka apigwe picha. Vidole vinavyoshindwa kufunga vifungo, miguu inayopepesuka, haja ndogo inayotoka bila taarifa, hizo ni dalili kwamba uti wa mgongo umebanwa, na safari yake ni ya hospitali ya rufaa siku hiyohiyo. Na bega la kushoto linalouma pamoja na kifua na kubanwa pumzi lisikandwe. Huo unaweza kuwa moyo.

Waliobaki, na ndio wengi sana, wanakuja wakiwa wameshajaribu mambo mengi.

Karibu wote wamekandwa. Taulo au kitenge kimechovywa kwenye maji ya moto, kikakamuliwa, kikagandamizwa begani na mikono ya mama, dada au bibi. Kisha dawa ya kuchua inayowasha. Siwezi kuzungumza vibaya juu ya kukandwa. Joto hulegeza msuli uliokaza, na mguso wenyewe una kazi yake. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za mguso na habari za maumivu hupita kwenye uti wa mgongo kupitia mlango mmoja, na mguso ukiwa mwingi, maumivu hubanwa yasipite. Ndiyo maana mtoto aliyejigonga hujishika palipouma. Tatizo la kukandwa ni muda wake. Nafuu inakaa saa kadhaa, pengine siku mbili, na msuli uliokandwa unarudi shambani ukiwa na nguvu ileile uliyokuwa nayo jana. Akandwe, lakini akandwe ili aweze kufanya kazi itakayofuata.

Kuumikwa kwa pembe nako kupo, na mjini siku hizi kunafanywa kwa vikombe vya plastiki. Wengi husema wanapata nafuu. Hofu yangu iko kwenye wembe. Ngozi inapochanjwa kwa wembe uliotumika kwa mwingine, mtu aliyekwenda kutafuta tiba ya bega anaweza kurudi na virusi vya UKIMWI au homa ya ini ya aina B. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya mgonjwa, au asichanjwe kabisa.

Jambo ninalolipinga bila kusita ni lile la saluni za kiume. Kinyozi akimaliza kunyoa anakanda mabega, kisha anashika kidevu na kisogo na kuigeuza shingo ghafla mpaka ialike. Mteja anacheka na kulipa. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayolisha ubongo, na mgeuko wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa mmoja wao. Haitokei mara nyingi. Ikitokea, matokeo yake ni kiharusi kwa kijana mwenye afya. Mlio ule hauna faida yoyote inayostahili hatari hiyo.

Vidonge navyo. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa, na kwa siku chache za maumivu makali zinasaidia. Kuzimeza mwezi baada ya mwezi ni habari nyingine: vidonda vya tumbo, presha kupanda, figo kuchoka. Wapo wanaozimeza kila asubuhi wakati wa palizi kabla hata ya uji, ili wafike jioni. Mtu wa namna hiyo anahitaji kusikilizwa kuhusu palizi yake kwanza.

Hospitalini kuna mashine. Ya mawimbi ya sauti hupitishwa begani juu ya jeli. Ya umeme mdogo hubandikwa kwa vipande vya mpira, na mgonjwa husikia kama anatekenywa. Watu wanazipenda, na naelewa kwa nini: zinaonekana kuwa tiba. Ushahidi wake kwa maumivu sugu ya shingo ni hafifu. Ya umeme inaweza kutuliza wakati inapowashwa. Ya mawimbi, sioni sababu ya kumtoa mtu wilaya ya Meatu kwa basi mara mbili kwa wiki kwa ajili yake. Sindano kavu zinazochomwa kwenye vifundo vya msuli zilitokana na kazi ya Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, na kitabu alichokitoa na David Simons mwaka 1983. Kwa mikono iliyofunzwa zinaweza kuleta nafuu ya muda mfupi, kama ilivyo kubonyeza kifundo hicho kwa dole gumba. Kola ya shingo, kwa mtu asiye na mvunjiko, ivuliwe. Kila wiki inayovaliwa, misuli inasahau kazi yake.

Kinachobaki baada ya kuyapanga yote haya ndicho kisichovutia macho: mazoezi ya nguvu, ya kila siku, kwa majuma mengi.

Ushahidi wake ni mzuri. Mwaka 2003 Jari Ylinen na wenzake wa Ufini walichapisha utafiti wa wanawake 180 waliokuwa na maumivu sugu ya shingo. Kundi la kwanza lilifundishwa mazoezi ya nguvu ya shingo na mabega, la pili mazoezi ya ustahimilivu, la tatu likashauriwa kujinyoosha na kutembea. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 73 ya kundi la nguvu walisema wamepata nafuu kubwa au wamepona kabisa, asilimia 59 ya kundi la pili, na asilimia 21 tu ya kundi la tatu. Miaka minane baadaye Lars Andersen na wenzake wa Denmark waliwapa watu mpira wa kuvuta na kuwataka wautumie dakika mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi. Wengine walipewa dakika kumi na mbili. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Dakika mbili! Mama anayesubiri ugali uive anazo.

Hao walikuwa watu wa ofisini, najua, na mkulima wa Itilima atauliza kwa haki: "Mimi nalima kutwa, nguvu gani tena unataka niongeze?" Jibu ni kwamba kulima hutumia misuli ileile kwa namna ileile hadi ichoke, na huiacha mingine imelala. Mazoezi huchagua. Huamsha iliyolala, hupandisha uzito polepole, huacha siku za kupumzika. Mwili unajengeka katika mapumziko hayo, na kilimo hakiyatoi.

Mpira wa dukani ni ghali na hautakiwi. Tyubu kuukuu ya baiskeli ikikatwa vipande virefu, vile ambavyo watu hufungia mizigo kwenye keria, inavuta vizuri. Kipande kipana ni kigumu zaidi, chembamba ni chepesi, kwa hiyo mgonjwa ana viwango viwili au vitatu bila gharama.

Zoezi la kwanza halihitaji hata mpira huo. Mgonjwa analala chali mkekani, kanga iliyokunjwa ikiwa chini ya kichwa. Anatikisa kidevu kidogo sana, kama anayekubali jambo bila kutaka wengine waone, mpaka ahisi ngozi ya kisogo inanyooka. Kichwa hakinyanyuki. Anashikilia kwa sekunde kumi huku anapumua, anaachia, anarudia mara kumi. Hili limetoka kwenye kazi ya Gwendolen Jull wa Queensland, Australia, na wagonjwa wengi hulidharau kwa udogo wake. Mtaalamu akiweka vidole viwili mbele ya shingo ataona ukweli: mgonjwa anashindwa kufika sekunde ya sita bila misuli mikubwa ya pembeni kuchomoza.

La pili ni kuvuta. Mpira unazungushwa kwenye mwimo wa mlango au mti wa uani kwa urefu wa kifua, viwiko vinavutwa nyuma, makombe ya mabega yanakaribiana, kisha vinarudishwa taratibu. Mabega yasipande masikioni. Wenye maumivu ya muda mrefu huyapandisha bila kujua, na hapo ndipo mkono wa mtaalamu unapohitajika, kuyashusha na kuuonyesha mwili njia. La tatu ndilo la Denmark: kusimama juu ya mpira, kuzishika ncha mbili, kuinua mikono kwa pembeni hadi usawa wa mabega, na kurudia mpaka ichoke.

Itauma. Hili lisemwe siku ya kwanza, la sivyo mgonjwa ataacha siku ya tatu akiamini ameharibu pingili. Maumivu yanayopanda kidogo wakati wa zoezi na kutulia kufikia kesho yake hayana madhara. Yakikaa siku mbili, mpira ulikuwa mgumu mno, apunguze. Wiki tatu za mwanzo mara nyingi hazionyeshi chochote, na hapo ndipo wengi hurudi kwa kinyozi. Mabadiliko huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili: kwanza usingizi, kisha kichwa kuuma kunapungua, kisha mtu anagundua kwamba ameitazama barabara pande zote mbili kabla ya kuvuka bila kufikiria.

Tiba ya namna hii inalingana na hali ya mahali penyewe. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha wito wake wa Utengamao 2030, yaani wa kuwarudishia watu uwezo wa mwili, mwezi Februari 2017, lilieleza kwamba nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao wasiofika kumi kwa kila watu milioni moja. Kwa kipimo hicho mkoa wenye watu wa idadi ya Simiyu usingezidi wataalamu 21, kwa wenye viharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo, waliovunjika na wenye shingo, wote kwa pamoja. Hospitali ya KCMC ya Moshi imefundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo mingi, lakini mhitimu akitafuta kazi huvutwa na miji mikubwa, na mgonjwa wa Bariadi aliyeshindikana huelekezwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa hiyo tiba inayomtaka mgonjwa alale kitandani mara kumi mfululizo huku mtaalamu akimhudumia imeshindwa kabla haijaanza. Inayofaa ni ile ya kuonana mara tatu au nne kwa miezi mitatu, katikati yake mgonjwa akifanya mwenyewe nyumbani. Tabibu wa zahanati anaweza kufundishwa mazoezi haya matatu na dalili zile za hatari. Hahitaji mashine kwa hilo, anahitaji mtu wa kumwonyesha vizuri.

Vilevile kazi irekebishwe. Fundi cherehani apandishe meza ya cherehani kwa mbao au matofali mpaka kitambaa kikutane na macho bila shingo kuinama sana, na asimame kila anapomaliza kipande. Mwalimu aweke madaftari juu ya boksi. Mpulizia dawa aongeze vitambaa chini ya mikanda, ajaze pampu nusu, apigie mtwangio mkono wa kulia asubuhi na wa kushoto mchana. Mpalizi abadilishe mkono ulio mbele kwenye mpini kila anapofika mwisho wa tuta, jambo ambalo mwanzoni linakera na baada ya wiki linazoeleka.

Lililo gumu zaidi ni la maji. Mwanamke ukimwambia apunguze kubeba, atatikisa kichwa kwa heshima na kesho atabeba, kwa sababu nyumba inahitaji maji. Ushauri wa kweli lazima ujue nani mwingine yupo nyumbani na kuna chombo gani. Huku Usukumani baiskeli ni chombo cha kazi. Keria moja hubeba madumu manne ya lita 20 kwa safari moja, mzigo ambao kichwani ungekuwa safari nne. Punda hubeba, mkokoteni wa ng'ombe hubeba zaidi. Mara nyingi vyombo hivyo viko mikononi mwa wanaume na vinasubiri kazi za wanaume.

Kwa hiyo mtaalamu asiishie kumfundisha mama mazoezi. Amwombe aje siku ya pili na mumewe au kijana wake mkubwa. Amketishe mwanaume huyo, amsalimie kama anavyosalimiwa mtu mzima, ampe ndoo iliyojaa aishike kwa mikono iliyonyooshwa kwa dakika moja, kisha amwulize inachotwa mara ngapi kwa siku na nani. Halafu kwenye karatasi ileile ya mazoezi aandike mstari wa nne: madumu manne, asubuhi, kwa baiskeli, baba.